Mruko Usiorekebishika: Umbo la Ugumu katika Manic Miner

Manic Miner, mchezo ambao Matthew Smith aliutunga mwaka 1983 kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani ya ZX Spectrum, na ambao ulitolewa nchini Uingereza na kampuni ya Bug-Byte, hutajwa aghalabu kwa ugumu wake, kana kwamba ugumu ni kiungo kilichotiwa juu ya mchezo uliokwisha kamilika. Tukiusoma kwa makini tutaona kwamba ugumu huo ndio muundo wenyewe: katika mapango yote 20 anayopitishwa mhusika wake, Miner Willy, kila kitu kinaweza kujulikana mapema, lakini hakuna uamuzi unaoweza kutenguliwa.

Mruko ndicho kipashio cha msingi. Willy huenda kushoto, huenda kulia na huruka. Hana silaha wala ngao. Akisharuka, njia yake hewani imekwisha pangwa: hawezi kugeuka wala kujizuia, bali hupanda na kushuka kwa tao lilelile. Kama mizani ya shairi la arudhi, urefu wake umepimwa kabla mtunzi hajatia neno. Kwa hiyo ustadi wa mchezaji hauko hewani, uko ardhini: katika kuchagua mahali pa kusimama na wakati wa kuondoka. Na kwa kuwa kumgusa mlinzi, yaani adui anayepiga doria pangoni, hata kwa nukta moja ya picha kunaua, uchaguzi huo hauvumilii makadirio.

Tutazame pango la kwanza, Central Cavern. Willy huanzia chini kushoto, na mlango wa kutokea uko chini kulia, katika kimo kilekile. Lakini haufunguki mpaka achukue funguo 5, ambazo zote zimewekwa juu. Umbali mfupi wa kutembea umegeuzwa safari ya kupanda na kushuka. Katikati umetandazwa mkanda unaomsukuma kushoto, yaani kinyume cha mlango, na juu yake mlinzi mmoja anapiga doria. Juu zaidi kuna sakafu inayomeguka: Willy akiikanyaga, huliwa mstari baada ya mstari hadi itoweke chini ya miguu yake. Hapa ndipo ufundi wa Smith unapodhihirika. Mlinzi anadai subira, sakafu inaikataza. Madai haya mawili yanapokutana katika pango moja, kusitasita kwenyewe kunakuwa tendo lenye gharama.

Hewa, ambayo ndiyo kipimo cha wakati na huonyeshwa na mstari unaofupika chini ya skrini, huieneza gharama hiyo katika kila pango. Katika pango la 19, Solar Power Generator, mwali wa mwanga unaopindishwa na walinzi humpunguzia Willy hewa kwa kasi kila unapomgusa. Wakati, ambao kwingine ulipungua kwa mwendo mmoja popote aliposimama, sasa umepewa mahali. Mchezaji anaweza kuuona ukija, na kuukwepa.

Willy akifa, pango huanza upya na funguo hurudi zilipokuwa. Akiba ya maisha ikiisha, mchezaji hurejeshwa pango la kwanza. Wengi huona adhabu tu katika kurejeshwa huko, ilhali ndiko kunakoufanya mchezo kuwa utungo mmoja badala ya vipande 20. Walinzi hurudi katika mapito yaleyale na mkanda husukuma upande uleule. Kinachobadilika ni msomaji. Kizuizi cha jana kinapitwa leo kwa mfululizo wa miruko isiyo na kituo, na Central Cavern, inayosomwa kuliko pango lolote, inakuwa shule ya yote yanayofuata. Kwa sababu hiyo ugumu wa Manic Miner ni wa haki: hauna bahati nasibu ya kulaumiwa, na kila kinachomuua Willy kilikuwa wazi kwenye skrini kabla hajaruka.