Mkono wa Kukung'uta

Mbaazi za Babati hupepetwa kwa ungo: zinarushwa, zinadakwa, ukingo unagongwa kwa kiganja, makapi yanajiondokea. Nilidhani ustadi huo ni wa shambani tu, mpaka niliposimama Nangara, hapa Babati, nikimtazama kijana mmoja akitia poda ya gundi kwenye filamu ya kuchapia fulana.

Hachapi juu ya fulana. Anachapa kwenye filamu, maandishi yakiwa kinyumenyume kama kwenye kioo, rangi zikitangulia na nyeupe ikija mwisho, maana ndiyo itakayolala upande wa kitambaa. Wino ungali mbichi, anaumwagia poda bila ubahili: chembe nyeupe za plastiki, laini kwa herufi ndogo, nene kwa kitambaa kizito. Anainamisha filamu huku na huku hadi kila herufi izikwe.

Kumwaga hata mtoto anaweza. Kazi ni kukung'uta.

Anaishika filamu kwa pembe mbili, anaisimamisha, anaigonga mgongoni kwa kidole: ta, ta, ta. Poda iliyokosa wino wa kuishika inaporomokea kwenye trei, itumike tena. Zikibaki chembe penye uwazi, zitayeyuka pamoja na nyingine na kuacha ukungu unaong'aa kuzunguka jina la mchezaji. Hewa ikiwa kavu, filamu inanasa poda kama sega la plastiki linavyovuta nywele. Mvua zikianza, poda inavuta unyevu na kufanya mabonge. Fundi anabishana na hali ya hewa kama mkulima.

Halafu joto, la kiasi. Wino huu, wa plastisoli, huiva kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi. Hapa unapewa chini ya hapo, poda iyeyuke na wino ukauke juujuu tu. Ukiivishwa sasa, baadaye chini ya pasi ya mashine inayohamishia maandishi kwenye fulana hautashikana vizuri na gundi. Ukitoka salama, filamu inaweza kukaa rafuni miezi ikingoja fulana, jambo linalozifaa sana timu zetu za mtaani, ambazo hela ya jezi huipata asubuhi ya mechi.

Tunasifu michoro. Oktoba 14, 2023, Mwenge wa Uhuru ulipohitimisha mbio zake hapa Babati, macho yetu yalikuwa kwenye maandishi ya vifuani. Nani aliuliza yameshikwa na nini? Mimi nilijifunza kwa hasara. Ninayo fulana ya kamati ya harusi ambayo jina la bwana harusi lilibanduka ilipofuliwa mara ya pili. La bibi harusi lipo hadi leo. Nilimwonyesha yule kijana. Akapitisha ukucha pale palipobanduka, akasema poda haikufika.

Ukipewa fulana mpya, itoe juani kwanza, utazame kando ya herufi.