Sifa za Mtunza Sanduku

Sanduku lenyewe ni la bati, la kijani kilichobanduka pembeni, aina ile ambayo wanafunzi wa bweni waliiburuta mpaka stendi ya basi. Limekaa juu ya matofali manne, mbali na ukuta, kwa sababu mchwa wa kijijini kwetu, Kewanja, hupanda na ukuta. Chini kabisa, ndani, yametandazwa majani makavu ya tumbaku ya kufukuza wadudu. Juu yake ndipo zilipo karatasi za watu watatu: babu, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi; baba, mjumbe wa halmashauri ya kijiji; na sasa zangu, chache bado.

Aliyelitunza hakuwa yeyote kati yetu watatu. Ni bibi, naye hakujua kusoma. Alizijua karatasi kwa rangi, kwa mihuri na kwa mikunjo. Stakabadhi za kodi za babu alizifunga kwa uzi wa katani, kila mwaka fungu lake. Barua za shina zilikaa kwenye bahasha ya kaki. Daftari la michango ya ujenzi wa shule, mwandiko wa baba, lilivikwa gazeti kama mtoto anavyovikwa sweta. Ukimwomba karatasi ya mwaka wa Operesheni, ule wa 1974 watu walipohamishiwa vijijini, alipenyeza mkono ubavuni mwa sanduku akaitoa hiyohiyo uliyoitaka. Kwake nilijifunza kwamba kutunza karatasi ni ufundi wa mikono, kama kusuka ungo, na kama ungo, kuna anayeujua na kuna anayejaribu.

Sisi Wakurya tulikuwa na njia ya kuhesabu vizazi bila wino. Abasaai huzaa Abanyamburiti, Abanyamburiti huzaa Abagamunyere, Abagamunyere huzaa Abamaina, na watoto wa Abamaina ni Abasaai tena. Mzee akikuuliza wewe ni wa rika gani la uzao, jibu lako moja linamtosha kujua akuketishe wapi na akuite nani. Ni kumbukumbu imara, nami naiheshimu. Lakini itakwambia wewe ni nani. Haikwambii shamba lako linaishia wapi, wala nani alilipa nini siku gani. Kwa hayo babu zetu walilazimika kujifunza kazi mpya wakiwa watu wazima: kuandika na kutunza karatasi.

Nikitafuta familia iliyoifanya kazi hiyo mbele ya macho ya nchi nzima, naiona ya Sykes wa Dar es Salaam. Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894, akafanya kazi reli, na African Association ilipoanzishwa mwaka 1929 yeye ndiye aliyekuwa katibu wake. Kabla ya kufariki mwaka 1949 aliandika kwa mkono wake habari za maisha yake. Wanawe Abdulwahid na Ally walishika siasa ya mji alipoiacha, na chama, ambacho kilikuwa kimeshakuwa TAA (Tanganyika African Association), tarehe 7 Julai 1954 kikawa TANU. Kadi namba 1 ilikuwa ya Julius Nyerere, ikiwa na saini ya Ally Sykes. Namba 2 ilikuwa ya Ally mwenyewe, namba 3 ya Abdulwahid. Mwaka 1973 Daisy, binti wa Abdulwahid, alichapisha sura kuhusu babu yake katika kitabu cha *Modern Tanzanians* alichohariri mwanahistoria John Iliffe. Mwaka 1998 Mohamed Said akatoa kitabu cha maisha ya Abdulwahid, akitegemea barua na nyaraka zilizokuwa nyumbani kwa familia hiyo. Mjukuu mwingine, Kleist jina la babu, alikuja kuwa meya wa jiji.

Watu humsifu aliyeandika, na humsifu aliyechapisha. Mimi sifa yangu naipeleka katikati. Toka Kleist anafariki mpaka kitabu cha 1998 ni miaka 49. Katika miaka hiyo yote kuna mtu aliyehama nyumba akabeba karatasi pamoja na magodoro. Kuna aliyesikia mvua ikigonga dari usiku akaamka kusogeza kabati. Jina lake halimo kwenye jalada lolote, na bila yeye wanahistoria wangebaki na uvumi tu.

Sheria nazo zimefanya sehemu yake. Kumbukumbu za serikali zina Sheria Na. 3 ya mwaka 2002. Waasisi wawili, Mwalimu Nyerere na Mzee Karume, wana sheria yao ya kuwaenzi ya mwaka 2004, na Butiama, hapahapa mkoani Mara, Mwalimu ana makumbusho yake. Ni haki yao. Ila balozi wa nyumba kumi hana makumbusho. Karatasi zake zina ulinzi wa mtu mmoja mwenye ufunguo shingoni.

Na adui mkubwa wa karatasi hizo ni matanga. Mchwa nimemwona, panya nimemwona, lakini hakuna kinachokula karatasi kama siku ya kugawa mali ya marehemu. Ng'ombe wana wenyewe, makoti yana wenyewe. Kisha kijana mmoja mwenye bidii anaambiwa asafishe chumba, na jioni moshi unapanda nyuma ya nyumba. Babu alipofariki, bibi aliketi juu ya sanduku siku tatu. Wageni walidhani ni huzuni, wakamletea uji palepale. Ilikuwa huzuni kweli, lakini pia ilikuwa kazi.

Ufundi wenyewe una siri zake, na nyingine nimezilipia. Kaka yangu aliwahi kuchukua risiti ya benki, ile ya karatasi laini inayong'aa, akaipeleka stesheneri ipigwe plastiki isiharibike. Mashine ile hutumia joto, na karatasi ile huandikwa kwa joto. Ikarudi nyeusi tii. Tangu hapo risiti za namna hiyo tunazitoa kopi siku ileile. Pini za stepla tunazing'oa, maana kutu yake hutoboa. Selotepu hatuiweki, kwa kuwa baada ya miaka michache gundi yake hugeuka njano na kula herufi. Nyuma ya kila karatasi naandika kwa penseli, taratibu nisiikwaruze: imetoka kwa nani, lini, inahusu nini. Kila Januari, jua likiwa kali, tunazitandaza juu ya mkeka ndani ya nyumba, kivulini, dirisha likiwa wazi.

Hapa kwetu ufundi huu ulikuja kupimwa vikali. Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, na tangu hapo neno fidia halijatoka midomoni mwa watu wa Nyamongo. Likazaliwa na neno lingine, tegesha: nyumba na mazao yanayowekwa harakaharaka ili mthamini ayakute. Palipo na tegesha kila mtu hushukiwa, hata yule ambaye babu yake amezikwa kwenye shamba lake. Ndipo tarehe iliyoandikwa zamani, na mtu ambaye hakuwa na habari ya dhahabu, inapopata uzito.

Katika sanduku letu kulikuwa na karatasi moja ambayo baba mdogo aliichukia: hukumu ya mahakama ya mwanzo, ambamo babu alishindwa kesi ya mpaka na jirani. Zaidi ya mara moja alitaka ichomwe, wajukuu wasije kuisoma. Bibi aliitambua kwa nembo ya juu, ile ya mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu. Akamwambia, "Mura, nilikuwepo iliposomwa. Imetaja mkuyu wetu. Iache."

Wathamini walipofika, stakabadhi za kodi zilionyesha kwamba babu alilipa, lakini hazikusema wapi. Barua za shina zilionyesha kwamba aliheshimiwa. Hukumu ile ya kushindwa ndiyo pekee iliyotaja shamba kwa mipaka yake yote minne, pamoja na kile kipande alichopokonywa: kijito upande huu, njia ya ng'ombe upande ule, shamba la jirani, na mkuyu.

Bibi hayupo tena, ufunguo ninao mimi. Mkuyu nao haupo; pale ulipokuwa pamerundikwa mawe yaliyotoka shimoni. Umebaki kwenye mstari wa nne wa ukurasa wa pili, kwa herufi za taipu, herufi *k* ikiwa imeruka kidogo juu ya wenzake.