Arabeski Haina Pa Kujificha

Watu wengi walilifahamu darasa la baleti la watoto wa Kibera, Nairobi, kupitia picha za Fredrik Lerneryd, raia wa Sweden. Ndani ya picha zake chumba, sakafu na mwanga wa dirishani vinasema sawasawa na miguu ya wachezaji. Kwa habari, ni kazi safi. Ila mtoto akitaka kuomba nafasi ng'ambo, na njia hiyo ipo, maana Joel Kioko alitoka Nairobi akafika English National Ballet School ya London, picha za namna hiyo hazimfai. Msaili hatafuti simulizi ya maisha yake. Anatafuta nyonga.

Ndiyo maana picha za usaili huwa kavu: ukuta mtupu, nywele zimebanwa, leotadi isiyo na urembo, na mikao michache inayojulikana na kila mwalimu. Kitambaa kinachopepea kinapendeza, lakini kinaficha goti.

Mkao unaosumbua kuliko yote ni arabeski: mguu mmoja chini, mwingine umenyooshwa nyuma. Kamera lazima iutazame mguu ule kwa ubavu kabisa. Ukikengeuka nyuzi 30 tu, kwenye picha unapungua urefu kwa takriban asilimia 13, na mchezaji mwenye miguu mirefu anaonekana kama aliyepunjwa.

Kimo nacho kina siri yake. Kamera ikikaa usawa wa nyonga, picha inasema kweli. Ikishushwa hadi karibu na sakafu, miguu inarefuka. Hila tamu kwa mabango ya maonyesho, lakini kwenye usaili ni kujichongea, kwani mchezaji ataitwa asimame mbele ya watu walewale walioiona picha.

Halafu kuna umbali. Kwa kamera ya fremu kamili iliyolazwa, lensi ya milimita 85 hudai mita nane au tisa ili mwili wote uingie. Studio ndogo itaridhika na milimita 50 kwa mita tano. Simu iliyosogezwa karibu huuvimbisha mkono wa mbele na kuudumaza mguu wa nyuma.

Mruko una hesabu nyingine. Anayeruka sentimita 50 hukaa hewani kama sekunde 0.64, na nusu ya muda huo yumo katika robo ya juu ya mruko. Kumbe kimo si tatizo. Tatizo ni miguu, ambayo hufunguka kikamilifu kwa kitambo kidogo sana. Lois Greenfield wa New York alijenga jina kwa kupiga fremu moja tu kwa kila mruko, kwa Hasselblad na mweko wa takriban 1/2000 ya sekunde. Anayengoja aione miguu imefunguka ndipo abonyeze, hupata picha ya miguu inayofunga.

Na bado mpiga picha hatoshi. Kando yake husimama mwalimu, ambaye habari za mwanga hazimhusu. Yeye hukagua kifundo: kikipinda kwa ndani, unyayo ukachukua umbo la mundu, picha inatupwa hata kama uso umeng'aa namna gani. Mchezaji anapumzisha mguu wa chini, anatikisa mabega, anapanda tena.