Zana za Kumvulia Maski: Mwongozo kwa Anayeanza

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na shambani usemi huo una haki yake. Lakini katika maziwa ya Minnesota, Wisconsin na Ontario, anakoishi samaki aitwaye maski, anayeingia na jembe lolote alilookota atamaliza msimu mikono mitupu. Au, kibaya zaidi, atamnasa samaki wake na kumuua bila kukusudia.

Maski, kwa jina kamili muskellunge, ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo wake wa samaki wawindaji wa maji baridi. Ana mwili mrefu, kichwa bapa, kinywa kilichojaa meno, na tabia ya kuvizia kimya pembeni mwa majani ya majini. Wisconsin ilimfanya samaki wake rasmi mwaka 1955, na wavuvi humwita samaki wa mitupo elfu kumi. Hukua polepole: jike huchukua zaidi ya miaka kumi kufikia inchi 50. Katika maziwa mengi ya Minnesota hairuhusiwi kumchukua aliye chini ya inchi 54, yaani sentimita 137, kwa hiyo karibu kila maski anayenaswa hurudishwa majini. Kwa wavuvi wengi hilo si suala la sheria tu. Tangu chama cha Muskies, Inc. kilipoanzishwa Minnesota mwaka 1966 chini ya Gil Hamm, kumwachia samaki akiwa hai kumekuwa ndiyo heshima ya uvuvi huu.

Ndiyo maana ninashikilia kipimo kimoja: zana njema ya maski ni ile inayofanya kazi vizuri katika mita mbili za mwisho, ubavuni mwa boti. Maski ana desturi ya kukifuata chambo kutoka mbali bila kukigusa, akaja kuamua kuuma au kutouma mbele ya macho yako. Na akishanaswa, ni papo hapo ubavuni atakapofunguliwa ndoana, salama au kwa madhara. Kila unachoshika dukani kiulize swali hilo moja: samaki akifika ubavuni, wewe utafanya nini?

Anza na vifaa vya kumwachia

Wanaoanza wengi hununua chambo ishirini kwanza, na wavu baadaye fedha zikibaki. Geuza mpango huo. Kabla ya fimbo, kabla ya chambo, nunua wavu wa kuopolea, koleo refu na kikata ndoana.

Wavu unaofaa una mdomo mpana na mfuko wenye kina, ili samaki wa zaidi ya mita moja abaki ndani ya maji huku wavu ukiwa umefungwa ubavuni kama zizi dogo. Pitisha vidole kwenye nyuzi zake. Nyuzi zilizopakwa mpira na zisizo na mafundo hazikwangui ute unaoikinga ngozi ya samaki, wala hazichani mapezi yake, na ndoana hazizami ndani yake. Nyuzi kavu za nailoni zenye mafundo ziache dukani. Kagua pia kiungo cha mpini na kitanzi. Kikicheza ukiwa umesimama sakafuni, kitakusaliti samaki akiwa ndani.

Koleo liwe na mdomo mwembamba na urefu wa inchi 11 au zaidi, ili mkono ukae mbali na meno. Kikata ndoana kipime kwa ndoana kubwa kuliko zote utakazotumia: kikishindwa kuikata kwa mkono mmoja, hakifai. Ndoana iliyozama vibaya haivutwi, hukatwa. Ndoana mpya utaipata dukani siku yoyote, lakini samaki aliyeishi miaka kumi na tano hana mbadala.

Mwezi wa Novemba 2021, katika Ziwa Mille Lacs, alinaswa maski wa pauni 55 na wakia 14.8, akavunja rekodi ya Minnesota iliyodumu tangu 1957. Mvuvi na wenzake walijaribu kwa muda mrefu kumrudisha akiwa hai, wakashindwa. Hata walio na ujuzi na vifaa hupatwa na hilo, kwa hiyo anayeanza hana sababu ya kwenda ziwani bila vifaa. Na maji yakifika nyuzi 80 za Farenhaiti, karibu 27 za Selsiasi, kifaa bora ni kubaki nyumbani, kwani samaki aliyechoka katika maji ya joto hufa hata baada ya kuogelea na kutoweka machoni.

Fimbo

Kwa fimbo ya kwanza, chagua ya futi 8 hadi 8 na nusu, yenye nguvu ya daraja zito, iliyoandikiwa chambo cha wakia 2 hadi 8. Urefu huo haukusudiwi kutupa mbali tu. Chambo kikifika ubavuni, mvuvi wa maski hakitoi majini. Huzamisha ncha ya fimbo na kukiburuta chambo akichora nane kubwa, ili samaki aliyefuata azidi kuona windo linalokimbia. Fimbo fupi huchora nane yenye kona kali, na maski, kwa mwili wake mrefu, hashiki kona kali. Fimbo ndefu humpa njia pana ya kugeukia. Anayevua kwa kayaki au kwenye miti mingi ufukweni anaweza kushuka hadi futi 7 na nusu, akijua anachopoteza.

Usiipime fimbo kwa kuitikisa hewani, kwani kila fimbo hupendeza ikitikiswa. Mwombe muuzaji ashike ncha, nawe uinue mpini taratibu. Tazama upinde: uanze nchani, ushuke kwa mlingano, bila mahali panapokataa kupinda na bila mahali panapovunjika ghafla. Mpini na sehemu iliyo juu yake vibaki vigumu. Ncha inayopinda husaidia kurusha chambo kizito na kulinda ndoana zisichomoke. Kitako kigumu ndicho kinachozamisha ndoana katika kinywa chenye mifupa.

Kisha chungulia fimbo kutoka mpinini hadi nchani na uhakikishe pete zote zimekaa mstari mmoja. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikiacha nyuzi, kauri ina ufa, na ufa huo utakula mshipi. Kaza rili mahali pake na uibane fimbo kwapani. Kitako kirefu kinachofika nyuma ya kiwiko huokoa mgongo na kifundo cha mkono, maana siku ya maski ni ya kutupa tangu asubuhi hadi jioni. Fimbo ya kaboni ni nyepesi na huhisi kila mtikisiko. Ya faibaglasi ni nzito lakini huvumilia vishindo, na wengi huipendelea kwa kukokota chambo nyuma ya boti. Kwa kutupa, chukua kaboni.

Rili

Rili ya kazi hii ni ile inayokaa juu ya fimbo, ya ukubwa ambao watengenezaji huuita 300 au 400. Rili za duara za Ambassadeur, zilizozaliwa Svängsta nchini Sweden, zimetumika kwa miongo mingi, na faida yake kwa mwenye fedha kidogo ni kwamba hata zilizotumika hufunguliwa, husafishwa na kupatiwa vipuri. Rili bapa za kisasa hukaa vizuri zaidi mkononi.

Namba zinazoandikwa kwenye boksi zisikuzuge. Uwiano wa 6:1 maana yake spuli huzunguka mara sita kwa kila mzunguko wa mkono, lakini spuli kubwa huvuta mshipi mwingi kuliko ndogo yenye uwiano uleule. Uliza inchi ngapi huingia kwa mzunguko mmoja. Rili ya kasi sana humchosha anayevuta chambo chenye bapa kubwa, kwa sababu kila kasi unayoongeza hulipwa na mkono. Kwa kuanza, uwiano wa kati, kati ya 5 na 6, unatosha.

Ubora wake utauhisi kwenye breki. Ikaze nusu, kisha uvute mshipi kwa vidole polepole sana. Breki njema huanza kuachia bila kushtuka. Mbaya hushikilia, halafu huachia kwa kishindo, na maski akikurupuka akiwa na mita moja ya mshipi, kishindo hicho ndicho hukata au kuchomoa. Shika mkono wa rili uusukume nyuma: usirudi hata kidogo. Vishikio viwe vikubwa vya kujaza kiganja. Maski hanaswi kwa ncha za vidole.

Mshipi na kiungio

Mshipi uwe wa kusukwa, wa pauni 80. Wengine huuliza kwa nini, ilhali samaki mwenyewe hafiki uzito huo. Sababu ni kutupa: chambo cha wakia nane kikiwa hewani na mshipi ukajifunga ghafla kwenye spuli, mshipi mwembamba hukatika na chambo huenda zake. Sababu ya pili ni kwamba mshipi wa kusukwa haunyumbuki, kwa hiyo nguvu ya mkono hufika moja kwa moja kwenye ndoana. Unene wake ni karibu sawa na nailoni ya pauni 18 au 20. Aliyekulia kwenye mshipi wa mkono pwani ya Kenya au Tanzania atafurahia anavyohisi kila mguso, lakini asiuzungushe kiganjani, maana hukata nyama. Anza kwa kuzungusha nailoni kidogo kwenye spuli tupu. Bila hiyo mshipi wa kusukwa huteleza na kuzunguka wenyewe.

Kati ya mshipi na chambo lazima kuwe na kiungio, kipande kinachohimili meno. Kwa chambo kingi, chagua fluorokaboni ya pauni 100 hadi 130, yenye urefu wa inchi 12 hadi 18. Kwa chambo cha kuvutwa kwa mishtuko, waya mgumu ni bora, kwa sababu haujikunji na kuingia kwenye ndoana.

Hapa ndipo mahali pa bei ndogo panapopoteza samaki wakubwa. Tazama vibano vya chuma vinavyoshika ncha za kiungio: viwe vimebanwa katikati, na midomo yake iachwe wazi kidogo isikate fluorokaboni. Suiveli izunguke ikiwa imebeba uzito, si ikiwa tupu tu. Klipu ikuhangaishe kuifungua. Ile inayofunguka kwa ukucha itafunguka pia mdomoni mwa samaki. Kila baada ya samaki, telezesha ukucha kwenye kiungio chote. Ukihisi mkwaruzo, kibadilishe bila huruma.

Chambo

Vitano vinatosha kwa msimu wa kwanza: viwili vyenye bapa linalozunguka na mkia wa manyoya, kimoja cha juu ya maji, kimoja cha mbao cha mishtuko, na kimoja cha mpira.

Chenye bapa ndicho mwalimu, kwa kuwa hutupwa na kuvutwa tu, nacho hunasa msimu mzima. Mepps, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1938, leo hutengenezwa Antigo, mji mdogo wa Wisconsin ambako pia Frank Suick alibuni chambo chake cha mbao kinachopiga mbizi kwa mishtuko. Chagua bapa la namba 8. Yale mawili ya namba 10 yana sifa, lakini huvuta kwa nguvu kiasi cha kumfanya anayeanza aache kutupa saa nne asubuhi.

Chambo chenye bapa hupimwa majini. Kikitua, bapa liamke mara tu unapoanza kuvuta, na lipige mapigo yanayofika hadi mpinini hata ukivuta polepole. Bapa linalosubiri kasi ndipo lizunguke litakufa katika kona ya nane, pale hasa unapolihitaji. Waya wake uwe mnene. Ushike ncha mbili ujaribu kuukunja. Katika chambo cha mbao, tafuta waya uliopita mwilini mzima, au skurubu ndefu zilizogundishwa; skurubu fupi huchomoka mbao zikilowa. Katika chambo cha mpira, hakikisha ndoana zimeungwa kwa waya ndani, zisishikiliwe na mpira wenyewe.

Ndoana ipime kwenye ukucha wa dole gumba: iweke ncha bila kukandamiza, uivute. Ikishika, ni kali; ikiteleza, ipige tupa, hata kama ni mpya. Binya vijino vyake kwa koleo. Utapoteza samaki wachache, na utawafungua wengine kwa sekunde chache. Pete zinazoshika ndoana ziwe nene kiasi cha kutofunguka kwa vidole.

Rangi ni jambo la mwisho. Nyeusi kwa usiku na maji ya giza, zinazong'aa kwa maji machafu, fedha na nyeupe kwa maji maangavu. Mengine ni ladha ya duka.

Mgao wa fedha

Fedha zikiwa haba, usipunguze kwenye wavu, kikata ndoana, kiungio wala breki ya rili. Punguza kwenye idadi ya chambo, kwenye jina lililoandikwa kwenye fimbo, na kwenye rili kwa kununua iliyotumika baada ya kuipima kama nilivyoeleza. Kata leseni, soma kanuni za ziwa lako mwaka huo, kisha ujizoeze kuchora nane kwa kila mtupo, hata pale unapoamini hakuna kitu kilichofuata. Zana hizi zimechaguliwa kwa ajili ya mita mbili hizo, na thamani yake itaonekana kwa mvuvi anayezitumia hapo kila mara.