Tobo

Baiskeli ya inchi 28 haikumfikiria mtoto. Msimamishe wa miaka minane kando ya Phoenix, ile nyeusi ya Kichina yenye breki za vyuma, uone: bomba la juu la fremu linamgusa kifuani na siti inakaribia bega. Ukijumlisha keria na stendi, chombo chenyewe kina kilo 20 hivi, hakipishani sana na uzito wake. Akipakizwa juu, miguu inaning'inia, haifiki kwenye pedali. Busara ingemtaka asubiri arefuke. Hasubiri. Anaitazama ile pembetatu ya katikati ya fremu, anaona ina nafasi ya mguu mmoja, na anapita hapo hapo.

Hiyo ndiyo tobo. Waliokulia kwenye miji na vijiji vya baiskeli hawahitaji kuelezwa, ila nadhani hata wao hawakuwahi kukaa wakaitazama vizuri, maana walikuwa na haraka ya kuiacha. Tobo ilikuwa aibu ya udogo. Kila mtoto alitaka aimalize upesi akakae kwenye siti kama baba. Mimi naihesabu katika ufundi mkubwa kabisa unaoweza kufanywa na mwili wa mtoto, na hakuna shule iliyowahi kuufundisha.

Nenda Ngamiani, Tanga, baada ya Alasiri, kwenye zile barabara zilizopewa namba badala ya majina. Ardhi ni tambarare, magari si mengi, na baiskeli ni za kila nyumba. Mtoto anasimama upande wa kushoto wa baiskeli, mbali na cheni. Mkono wa kushoto unashika usukani. Wa kulia, kama mwenyewe ameanza kurefuka, unapita juu ya bomba na kushika upande wa pili. Kama bado mfupi, anaibana siti kwapani au anashika bomba lenyewe. Mguu wa kushoto uko juu ya pedali yake. Wa kulia unapenya chini ya bomba, unavuka pembetatu, unaitafuta pedali ya pili bila kuiona. Sasa kiwiliwili chote kiko nje ya baiskeli, kiuno kimepinda, na shingo imevutwa ili macho yaone mbele.

Hapo ndipo penye utamu. Mwili ukining'inia kushoto na baiskeli ikabaki wima, vyote viwili vitakwenda chini upande huo. Kwa hiyo mtoto anailaza baiskeli kulia, kiasi tu cha kufidia uzito wake, mpaka mzigo wote, wake na wa chuma, ukae juu ya mstari mwembamba ambapo tairi zinagusa ardhi. Mlazo huo hautulii. Akikanyaga kulia uzito unaingia ndani, akikanyaga kushoto unatoka nje, na baiskeli inabidi ilale na kuinuka kwa kila pigo la mguu. Kwa mbali unadhani inachechemea. Ukisogea karibu unaona kila mchechemeo una kazi yake.

Anayeanza hazungushi pedali mzunguko mzima, kwani goti la kulia halina pa kupita, juu kuna bomba. Anakanyaga nusu, anairudisha nyuma, anakanyaga tena nusu. Ukiwa ndani unasikia ile tiki-tiki-tiki ya gurudumu la nyuma kila pedali inaporudishwa, na unajua kuna mwanafunzi barabarani. Siku goti linapojifunza kujikunja likapita, mlio unakatika, na watoto wa mtaa mzima wanajua fulani sasa anazungusha. Ushahidi mwingine uko kwenye shavu la mguu wa kulia: kama kava la cheni lilishang'oka, na mara nyingi lilishang'oka, utakuta mstari mweusi wa grisi umepigwa kwenye ngozi, wenye alama za meno ya gia. Mama anayefua kaptula za shule anaujua mstari huo.

Tobo nayo ina kilichoitangulia. Kabla mguu wa kulia haujaingia ndani ya fremu, mtoto alishakaa siku nyingi akidandia: mguu mmoja kwenye pedali ya kushoto, mwingine unapiga ardhi, na baiskeli ikishika mwendo anainua ule wa chini na kuiacha iserereke. Hakanyagi kitu. Anachofanya ni kusimama juu ya kitu kinachotaka kuanguka, na kukizuia kisianguke. Haya ndiyo masomo yenyewe, na yote yanayofuata ni nyongeza.

Baiskeli haisimamishwi kwa nguvu. Inasimama kwa sababu kila inapoanza kulalia upande mmoja, usukani unageuzwa kidogo upande huo huo, na magurudumu yanawahi kurudi chini ya uzito. Ni kama mpini wa ufagio uliosimamishwa kiganjani: ukianguka kushoto, mkono unaufuata kushoto. Mgeni wa baiskeli anafanya kinyume. Anapohisi anaangukia kushoto anavuta usukani kulia, kwa woga, na hapo anajimaliza mwenyewe. Mwendo ukiwa mdogo, masahihisho yanakuwa makubwa, usukani unayumba huku na huku. Mwendo ukiongezeka kidogo, kuugusa tu kunatosha. Ndiyo maana wakubwa wanaokimbia pembeni hawapigi kelele za «polepole». Wanapiga kelele za «kanyaga!», na mtoto anaona wanamtakia mabaya.

Wataalamu wenyewe wamesumbuka na jambo hili. Kwa miaka mingi ilielezwa kuwa baiskeli inasimama kwa sababu magurudumu yanayozunguka hukataa kuinama, au kwa sababu gurudumu la mbele linagusa ardhi nyuma kidogo ya mstari wa mhimili wa usukani. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vya Delft na Cornell walitangaza kwamba wametengeneza kijibaiskeli kilichoondolewa sifa zote mbili, wakakisukuma bila mpandaji, na kikaenda kikijisimamisha chenyewe. Mtoto wa Ngamiani hana habari na mabishano hayo. Mikono yake ilishapata jibu lake.

Sasa linganisha na baiskeli ndogo za dukani, zenye rangi za kuvutia na vile vigurudumu viwili vya pembeni vilivyofungwa kwa bolti. Sina ugomvi nazo kwa furaha zinazoleta. Ila kama ni za kufundishia, zimeanza na sura ya mwisho. Zinamfundisha mtoto kukanyaga pedali, jambo ambalo angelijua kwa dakika chache siku yoyote, na zinamficha lile gumu. Tena zinamfundisha uongo. Chombo kisichoweza kulala kinageuka kama baiskeli ya miguu mitatu: unataka kwenda kulia, unazungusha usukani kulia, na mwili unasukumwa nje ya kona. Baiskeli ya kweli inataka uinamie ndani ya kona. Tena ili iiname kulia, kwanza usukani huguswa kushoto kidogo sana, kiasi kwamba hata wazoefu hawajui kuwa wanafanya hivyo. Mtoto aliyezunguka mwaka mzima na vigurudumu vya pembeni, vikifunguliwa, anaanza kwa kufuta alichojifunza.

Historia ya chombo chenyewe iko upande wa tobo. Mwaka 1817, huko Mannheim, Ujerumani, Karl von Drais alipanda mashine yake ya mbao yenye magurudumu mawili, akaisukuma kwa kupiga miguu chini. Haikuwa na pedali. Pedali zilikuja kushika kwenye miaka ya 1860, Ufaransa, karibu nusu karne baadaye. Yaani binadamu wa kwanza kupanda magurudumu mawili alijifunza kwanza kutoanguka, akaachia wajukuu mambo ya kukanyaga. Katika miongo ya karibuni Wazungu wamerudi huko huko: wanauza baiskeli za watoto wa miaka miwili au mitatu zisizo na pedali, na zinasifiwa kama uvumbuzi.

Watu wa Goma wanaweza kucheka. Kule Kivu kuna chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, bila pedali wala injini, kinachobeba viazi, makaa na magunia kutoka milimani. Dereva anapiga goti moja juu ya ubao, anasukuma ardhi kwa mguu wa pili, na kwenye mteremko anaiachia. Imejengewa hadi sanamu katikati ya mji. Watoto wanachongewa ndogo zao, au wanachonga wenyewe, na wanashuka nazo kwenye barabara za mawe meusi ya volkano kwa mwendo ambao sitaki kuuelezea mbele ya mzazi yeyote. Ukimpa mtoto wa hivyo baiskeli, utamwonyesha pedali tu.

Kwa hiyo kama una ile baiskeli ya dukani nyumbani, usiitupe. Chukua spana, fungua vigurudumu vya pembeni, kisha fungua na pedali zenyewe. Angalizo: ya kulia inafunguka kama nati za kawaida, ya kushoto inafunguka kinyume, na watu wengi wameharibu nyuzi zake kwa kulazimisha. Shusha siti mpaka nyayo zote mbili zikae chini bapa. Tafuta uwanja wenye mteremko mdogo sana, halafu keti. Mtoto atatembea akiwa amekalia siti, kisha atakimbia, kisha ataanza kuinua miguu kwa kujiiba. Akishaserereka akaweza na kukata kona, rudisha pedali.

Kuna ufundi pia wa anayeshika, na mafundi wake ni wachache. Wengi wanashika usukani, na wakishika usukani mtoto hajifunzi lolote, kwa kuwa ndio unaomwambia baiskeli inaangukia wapi. Fundi wa kweli anashika nyuma ya siti, au anaweka kiganja mgongoni bila kusukuma. Anakimbia akiwa ameinama, jambo linalovunja kiuno, na anaongea muda wote ili sauti yake isikike iko karibu. Nimemwangalia dada mmoja wa miaka kama kumi na minne akimfundisha mdogo wake wa kike: alikuwa ameachia siti zamani, lakini akaendelea kukimbia pembeni vile vile, mkono umenyooshwa nyuma ya siti kama bado umeshika, akisema «nimekushika, angalia mbele, usiangalie miguu». Mtoto alipogeuka kuhakikisha, alianguka. Dada hakumwokota. Aliinyanyua baiskeli kwanza, akanyoosha usukani kwa kubana gurudumu la mbele katikati ya magoti, akasema, «Twende.»

Wasichana wana mkasa wao. Kwa muda mrefu nyumba nyingi ziliona baiskeli si yao, na waliojifunza walijifunza kwa kuazima za kaka zao wakati wenyewe wamelala mchana. Kuna kichekesho hapa: ile iitwayo baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, iliyotengenezwa hivyo kwa heshima ya sketi, ndiyo kila mwanafunzi aliigombea, wa kiume kwa wa kike. Hapo huhitaji tobo. Unasimama wima katikati, unakanyaga. Ilirahisisha mambo, na wenye tobo waliwadharau walioanzia huko.

Hatua ya mwisho ni kuvuka bomba na kupanda juu. Ajabu ni kwamba kwa mtu wa tobo, kwenda hakumsumbui tena. Linalomsumbua ni kusimama. Kwenye tobo kushuka ni bure: mwili uko nje tayari, unatoa mguu, unakimbia hatua mbili, kwisha. Juu ya siti ardhi iko mbali. Kila pedali inapofika chini inamponyoka, anaisubiri ipande upande wa pili, makalio yanateleza kulia na kushoto juu ya siti, na barabara inamwisha. Breki za vyuma anazijua, lakini anajua pia kwamba ikisimama, ataanguka nayo. Basi hasimami. Anazunguka mtaa mara nyingine, anapita mbele ya fundi wa baiskeli aliyemkodisha chombo hicho, na fundi anamwonyesha saa ya mkononi. Anapita tena. Fundi sasa amesimama. Watoto wenzake wanamwelekeza kwa makelele: nenda kwenye baraza la duka, kuna ngazi. Anapunguza mwendo, anasogea, anautupa mguu wa kushoto kwenye ngazi ya kwanza na kuudaka ukuta kwa mkono, na mwenye duka, bila kuacha kupima sukari, anamwambia aondoe tairi kwenye gunia la mchele.