Matundu ya Uraniamu, Mkojo wa Saa Sita

Mkojo wa kutafutia kichocho huchukuliwa mchana. Anayeukusanya alfajiri anajipunja, kwa kuwa mayai ya mnyoo wa kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ndiyo maana mtu wa maabara anayefika shule ya delta ya mto Tana, Kenya, hana papara ya kuanza. Hupanga vikombe, huandika namba kwenye kila kimoja kwa kalamu isiyofutika, kisha huwaomba watoto wakimbie kidogo uwanjani kabla ya kukojoa. Mbio hizo hutikisa kibofu, na mayai yaliyokuwa yametua hupata kutoka. Kukimbia watoto hufurahia. Kurudi na kikombe mkononi mbele ya wenzao, si sana.

Kilelengwani, upande wa Garsen, wengi wetu tulilisikia jina lake mara ya kwanza Septemba 2012, likitajwa na watangazaji pamoja na idadi ya waliouawa katika mapigano ya jamii za huko, na habari zake zikaishia hapo. Lakini ni kijiji cha delta, na delta ina maradhi yake ya kila siku. Huku Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe kwenye udongo unaoachwa na mafuriko, Waorma hushuka na ng'ombe kiangazi kikikaza, na wote hutegemea maji yale yale. Kwenye maji yaliyotulia, kando ya mashamba na katika vidimbwi vinavyobaki mto ukirudi mkondoni mwake, huishi konokono wa jamii ya Bulinus. Jua likipanda, konokono aliyeambukizwa humwaga majini vijidudu visivyoonekana kwa macho, na ndizo saa ambazo watoto wanaoga. Vijidudu hupenya ngozi. Miezi baadaye mtoto anakojoa damu, na pale ugonjwa ulipozoeleka hakuna anayeshtuka.

Sasa tuutazame mkono wa mtu wa maabara. Kikombe hutikiswa kwanza, kwani mayai ni mazito na hukaa chini. Asiyetikisa anavuta maji matupu. Sirinji huvuta mililita 10, si 9 wala 11. Mdomoni mwake hufungwa kibweta kidogo cha plastiki chenye chujio la duara, upana wake milimita 13. Kisha dole gumba linasukuma taratibu. Hapa ndipo mwanafunzi na mzoefu wanapoachana: ukisukuma kwa hasira chujio linapasuka na mayai yanapita na mkojo, nawe hutajua; ukisita mno, mkojo wenye usaha unaziba matundu. Baada ya mkojo, sirinji hujazwa hewa na kusukumwa tena ili chujio likauke. Kibweta hufunguliwa, koleo ndogo hushika chujio ukingoni tu, nalo hulazwa juu ya slaidi ya kioo, upande wa mayai ukitazama juu. Tone moja la iodini, na kazi ya mkono imekwisha.

Chujio lenyewe linastahili kutazamwa kuliko linavyotazamwa. Ni utando wa polikaboneti, wembamba wake karibu maikromita 10, laini na wa kung'aa, na ukilowa karibu hauonekani. Matundu yake yana upana wa maikromita 12. Kipimo hicho hakikuokotwa. Chembe nyekundu ya damu ina maikromita saba au nane, kwa hiyo damu hupita. Yai la kichocho lina urefu wa maikromita 150 hivi na upana wa 60, kwa hiyo hubaki. Karatasi ya kawaida ya kuchujia ni nyuzi zilizosokotana, na yai huzama ndani yake lisionekane. Utando huu una matundu yaliyonyooka toka upande hadi upande, na mayai hulala yote juu, kwenye uso mmoja, ambapo hadubini huyaona bila kurekebishwa kila mara.

Hakuna sindano iwezayo kutoboa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanafizikia watatu katika maabara ya General Electric kule Schenectady, New York, Robert Fleischer, Buford Price na Robert Walker, walikuwa wakichunguza njia zinazoachwa na vipande vya atomi ndani ya ulanga na vitu vingine vigumu. Atomi ya uraniamu ikipasuka, vipande vyake huruka kwa nguvu, na kinapopita ndani ya plastiki kila kipande huacha mstari wa molekuli zilizovunjika, mwembamba ajabu. Plastiki ikitiwa ndani ya kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, mstari ulioharibika huliwa upesi kuliko sehemu nzima, na tundu hufunguka. Muda wa kukaa mbele ya kinu cha nyuklia huamua matundu yawe mangapi. Muda wa kukaa kwenye kostiki huamua yawe mapana kiasi gani. Mahali pa kila tundu hapaamuliwi na mtu. Vipande vya atomi havipangi foleni, na ukitazama vizuri utaona hapa na pale matundu mawili yameungana.

Hospitali hazikukawia kulidaka jambo hili. Mwaka 1964 mtafiti S. H. Seal alieleza jinsi chekeche la namna hiyo linavyoweza kukamata seli za saratani ndani ya damu. Mwaka 1976, katika jarida la Shirika la Afya Duniani, P. A. Peters na wenzake, wakiwemo Wakenya J. H. Ouma na T. K. Arap Siongok, walichapisha majaribio ya kuhesabu mayai ya kichocho uwanjani kwa chujio hilo. Baadaye zilikuja nyavu za nailoni, za bei nafuu na za kufulika. Mimi nazipenda kwa ubahili wake, ingawa wavu usiofuliwa sawasawa unaweza kumpa mtoto wa leo yai la mtoto wa jana.

Kisha linabaki jicho. Yai lina umbo la mbegu ya tikiti, na mwishoni mwake pana mwiba mfupi. Mwiba ukiwa ubavuni, huyo ni mnyoo mwingine, wa utumbo. Anayehesabu huanza ukingo wa juu na kwenda safu kwa safu, akibonyeza kihesabio kwa kidole bila kuondoa jicho. Mayai 50 au zaidi katika mililita 10 ni maambukizi makali. Kwa jumla ya slaidi hizo hujulikana kijiji kipewe dawa ya prazikwanteli kila mwaka au la: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 uliweka mpaka kwenye asilimia 10 ya walioambukizwa.

Dawa ikifanya kazi, kuhesabu kunakuwa kugumu zaidi. Slaidi ya mayai 200 inachosha kidole tu. Slaidi arobaini zisizo na kitu zinachosha akili, na ya arobaini na moja huenda ina yai moja, pembeni, nusu limefichwa na povu la hewa. Kwa ajili ya hali hiyo watafiti wa Leiden, Uholanzi, walitengeneza kipimo kinachonasa katika mkojo kemikali inayotemwa na mnyoo aliye hai, kikitumia chembe za fosfori ambazo zikimulikwa kwa mwanga usioonekana hurudisha mwanga unaoonekana. Kimejaribiwa Unguja na Pemba, ambako mayai yamekuwa adimu, na kiliwagundua watu ambao chujio liliwapita. Kinahitaji mashine ya kukisomea. Na hata siku kitakapofika zahanati za delta kwa bei inayolipika, itabidi awepo mtu anayejua kuhesabu mayai, ili ijulikane kama mashine inasema kweli.