Bwana Shamba Naye Akae Darasani

Nawaandikia kutoka Bloomington, Minnesota.

Kila tukijadili kilimo cha nyumbani, sisi tulio ughaibuni jibu letu huwa lilelile: wakulima hawana elimu, basi wapelekewe elimu. Siku hizi tunaongeza kwamba ipelekwe kwa simu. Naomba kupinga. Mkulima wa Afrika Mashariki amefundishwa sana, tena kwa miaka mingi. Aliyekosa pa kujifunzia ni yule anayemfundisha, na mwalimu asiyejifunza kitu kwa mwanafunzi wake huishia kurudia somo lisilofaa mpaka darasa linabaki tupu.

Chukueni mfano wa Uluguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye milima yao. Kwenye karatasi hoja ilikuwa safi: mlima unamomonyoka, ngazi zitazuia maji. Lakini kule udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi unaufukia udongo mzuri na kuutoa nje ule wa chini usio na kitu. Mkulima aliyepanda mahindi hapo aliliona hilo mwenyewe, ila hapakuwa na njia ya kulifikisha kwa mtaalamu likasikilizwa kama habari. Lilisikika kama ukaidi. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa.

Sasa twende Umatengo, huko Mbinga. Nako ni milima mikali, na mvua si haba. Wamatengo hukata nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana kama miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi zile. Mlima mzima unakuwa na vishimo, na kuta zake ndizo zinazopandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Kishimo kinashika maji na udongo unaotiririka, nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea. Ndiyo ngoro. Maofisa wa kikoloni wenyewe waliiandika kwa sifa tangu miaka ya 1930, na baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto wakaenda kuisoma. Wakoloni walewale, nchi ileile, milima miwili. Kwenye mmoja mtaalamu alikuja na jibu mfukoni, kwenye mwingine alilikuta jibu shambani.

Mtasema hayo ni ya ukoloni. Haya, tuje kwenye uhuru. Mwaka 1982 Kenya ilianza kujaribu mfumo wa "mafunzo na ziara" uliobuniwa na Daniel Benor na kusukumwa na Benki ya Dunia. Tanzania ikafuata mwishoni mwa muongo huo. Mpangilio ulikuwa wa kijeshi kidogo: afisa ugani anafundishwa ujumbe kila baada ya wiki mbili, anaupeleka kwa mkulima kiongozi kwa ratiba maalum, naye mkulima kiongozi auambukize kwa majirani. Kwa nadharia taarifa za shambani zilitakiwa kupanda juu pia. Kwa vitendo bomba lilitiririsha upande mmoja. Tathmini ya Benki yenyewe kuhusu Kenya ilikuja kukiri kwamba manufaa yalikuwa kidogo kuliko yaliyotarajiwa.

Shamba darasa lilikuja kama dawa ya ugonjwa huo. Lilianzia Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, chini ya FAO, likaingia kwetu katikati ya miaka ya 1990. Wakulima ishirini na kitu wanakutana kila wiki msimu mzima, wanahesabu wadudu, wanachora walichokiona, wanabishana, wanaamua wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba kipato cha washiriki kilipanda, na waliofaidi hasa ni wanawake na wale wasiosoma sana. Hilo si jambo dogo.

Lakini tusishangilie haraka. Utafiti wa Indonesia wa mwaka 2004 ulikuta kwamba majirani wa wahitimu hawakupata ujuzi wa maana. Na kwa nini wangepata? Ujumbe unaweza kumpa jirani ukutani mwa nyumba yake, ila macho ya kuusoma mmea unayapata kwa kukaa na mmea. Ndiyo maana shamba darasa likigeuzwa shamba la maonyesho, ambapo bwana shamba anaonyesha na wengine wanapiga makofi, limebaki jina tu.

Wapo wanaotuambia tuige Minnesota. Sawa, lakini tuige nini? Ugani wa hapa umekaa ndani ya chuo kikuu chenyewe, na sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914 iliufunga pamoja na utafiti na ufundishaji. Swali la mkulima lina njia ya kufika maabara. Tanzania utafiti uko kwa TARI, ufundishaji uko Sokoine, na afisa ugani yuko chini ya halmashauri. Akiulizwa asilolijua, amuulize nani? Hiyo ndiyo sehemu ya kuigwa, wala haihitaji matrekta.

Hata hapa mfano bora haukutoka chuoni peke yake. Kutoka Bloomington ukivuka Mto Minnesota unaingia kaunti ya Dakota, ambako chama cha wakulima wa Kihmong, HAFA, kilichoanzishwa mwaka 2011, kina shamba la ekari 155. Wahmong walikuja kama wakimbizi wakijua kulima. Walichokosa ni ardhi na soko. Angekuja mtu kuwafundisha kushika jembe, angepoteza muda wake na wao.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili: kufunza na kujifunza ni mzizi mmoja. Sasa huo ujumbe wa simu tunaoupigia debe, ukimwambia mkulima apande tarehe fulani na mvua ikakataa, yeye anamjibu nani? Mradi usiokuwa na jibu la swali hilo ni matuta ya Uluguru yaliyotiwa betri. Wenzangu mnaoombwa kuandika maandiko ya miradi, kabla ya kuweka sahihi ulizeni: baada ya msimu mmoja, nani atakuwa amebadilisha mawazo? Kama ni mkulima peke yake, msiweke.

Nasubiri hoja zenu, hasa za waliowahi kuwa maafisa ugani.

Wasalaam.